Aliyemkata Mama Yako Pichani

Mwende,

Zile picha za harusi ya Gatongora ulizonionyesha Jumanne ni mbaya. Nilikuambia ni nzuri kwa sababu nilikuwa nimetoka kubeba mawe kutwa nzima na nilitaka kuoga. Leo Jumamosi tumeachiliwa saa saba, nimeoga, nimekula, na wewe umeenda Ruiru mjini kusukwa nywele, shughuli itakayokuweka kitini mpaka jioni. Nina muda wa kusema ukweli. Kesho asubuhi unaenda Nakuru kupiga picha za watu kama kazi, na sitaki uondoke umebeba uongo wangu, huo mdogo wa Jumanne na mwingine mkubwa ambao umekua nao. Nitaanza na mdogo, kwa sababu mimi ni mwoga.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaandika. Majirani wamekuimbia hizo wiki nzima na nimeona ulivyokuwa ukipiga miayo. Mimi niliishia darasa la saba. Kitu kimoja tu nilipata kukijua kabla sijaingia kazi ya mjengo, nacho ni namna picha inavyoharibika, kwa kuwa nimeharibu nyingi kuliko mtu yeyote unayemjua.

Bibi harusi wako amesimama katikati ya kila picha kama msumari uliopigiliwa ukutani. Nimezitazama zote. Katikati akila keki, katikati akilia, katikati akishuka garini. Ukimweka mtu katikati kila mara, jicho la mtazamaji linafika kwake, linakaa, halina safari nyingine, linachoka. Msogeze kando kidogo, pawe na kitu cha kutazama kabla ya kumfikia. Na ile nguzo ya stima inayomtoka kichwani, hukuiona? Ulimtazama yeye, hukutazama nyuma yake. Kamera haina mapenzi na mtu. Inachukua bibi harusi, inachukua nguzo, inachukua na yule mzee anayejikuna kwenye hema. Hatua moja kushoto ingeiondoa nguzo. Hatua moja, Mwende, na ulikuwa na siku nzima.

Bwana harusi naye anacheka na mtu aliye upande wa kulia, na hukohuko kulia ndiko ulikombana, pua inakaribia kugonga ukingo, huku nyuma ya kisogo chake umeacha uwanja wa kutosha kuchezea mpira. Kisogo kina haja gani na nafasi? Mtu akitazama upande fulani, macho yake yaachie njia.

Usinune. Mimi nilidharauliwa zaidi ya hapo, na mbele za watu.

Nilipotoka nyumbani Mwingi nikaja Thika, nilikuwa na kamera ya mitumba na shati moja la maana. Jumapili tulizunguka kwenye malango ya makanisa na bustanini, wapiga picha kama ishirini, kila mmoja na begi lake begani. Nilikuwa nawatazama wale wengine kumi na tisa na kuwaona wapumbavu. Kila mmoja wao alikuwa akituhesabu hivyohivyo, na wote tulikuwa tunasema kweli.

Tulijua kuwapanga watu mstari kama sabuni kwenye rafu na kuwaambia watabasamu. Wateja nao hawakuwa na akili kutuzidi. Mtu anakuja na viatu vipya, anataka vionekane. Anataka na kanisa lionekane lote mpaka msalaba. Anataka na gari la mtu mwingine. Basi mimi narudi nyuma, narudi, navuka barabara, nabonyeza. Picha ikitoka, kanisa lipo, gari lipo, viatu vipo, na uso wake ni punje ya maharagwe. Anaitazama, anasema, "Hii ni safi sana." Nami naamini.

Mtu pekee aliyekuwa akitwambia ukweli alikuwa Mzee Kirpal, Singasinga aliyekuwa akiosha filamu kwenye duka lake dogo mjini Thika. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Hakuwa mtu wa kukupa bahasha ya picha uende zako. Alizimwaga picha juu ya kaunta, wateja wengine wakiwa wamesimama hapo, akaanza.

"Huyu mama umemkata kwenye vifundo vya miguu. Kwani wewe ni treni?"

Watu wanacheka.

"Kata katikati ya paja, kata kifuani, sawa. Kwenye kiungo usikate. Kwenye goti, kwenye kiwiko, kwenye kifundo, mtu anaonekana kama ametoka vitani. Na hawa sita umewapa jua mgongoni. Wako wapi? Mimi naona makoti sita bila watu. Wapeleke kivulini, chini ya veranda. Na huyu mtoto, kwa nini umempiga kutoka juu? Wewe ni mwewe?"

"Mzee, sasa nipige magoti kwenye vumbi? Nina suruali ya kanisani."

"Piga magoti. Kanisani si unapiga?"

Wote dukani waliangua kicheko, mimi nikachukua bahasha yangu na kutoka nikinung'unika kwamba ni mzee wa kukaa ndani, hajui jua la nje lilivyo. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolirudia kwangu mara nyingi kuliko yote, na ningelisikia hilo tu, yale mengine ningesamehewa. Alisema kabla sijabonyeza nizungushe jicho kwenye kingo zote nne. Juu, kulia, chini, kushoto, kama askari anayezunguka ua. "Katikati hapakimbii," aliniambia. "Kinachoharibika kinaharibikia pembeni." Akaongeza kwamba mashine yake inakula kidogo pembeni inapochapa, kwa hiyo niwe naacha nafasi. Nilimwitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, kama anavyoitikiwa mtu ambaye hutaki kumsikia.

Sasa nimefika kwenye uongo mkubwa.

Mama yako mdogo, Kalekye, aliolewa Ngoliba. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja. Mpiga picha alikuwa mimi, shemeji mtu, nimevaa tai, najiona wa maana. Unalijua jua la Ngoliba saa sita mchana, na hiyo ndiyo saa niliyoichagua, ya kuwachimbia watu mashimo meusi mahali pa macho. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti akiita makundi: upande wa bibi harusi! Upande wa bwana! Wajomba! Kwaya! Akina mama wa kanisa! Na pasta akawa anaingia kwenye kila kundi, hata la wajomba. Mimi nilimpanga pasta katikati kila mara, kwa sababu alikuwa ameniahidi kazi ya ubatizo wa Pasaka. Hiyo ndiyo bei niliyouzia macho yangu.

Ilipofika zamu ya familia ya bibi harusi, filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Walikuwa wengi. Mama yako Nduku alifika mwisho kwa sababu alikuwa akikubadilisha nguo, akasimama pembeni kabisa, kulia kwangu, wewe ukiwa upande wa nje begani kwake. Alikuwa na gauni la buluu. Aliniuliza, "Baba Mwende, sisi tumeingia?"

Nikamwambia, "Mmeingia, simama tu."

Sikutazama. Nilikuwa namtazama pasta, kama kola yake imekaa vizuri. Nikabonyeza.

Picha hiyo unaijua kuliko unavyoujua uso wako. Jicho moja, nusu ya pua, nusu ya mdomo uliokuwa ukianza kucheka, na begani vidole vitatu. Uliwahi kuniuliza ni vidole vya nani nikasema sijui. Ni vyako. Wewe ulibaki nje mzima, ukaacha vidole.

Kalekye alipopewa picha alizipitia, akaitoa ile moja. Akasema, "Shemeji, umemkata dada."

"Mashine hiyo. Inakula pembeni."

"Na mtoto je? Mashine imekula mtoto mzima?"

Nilienda kwa Mzee Kirpal nimefura, namwambia mashine yake imeniharibia harusi. Alichukua negativu, ule ukanda wa filamu, akauinua kwenye taa, akanisogezea. Humo pia, jicho moja. Mashine haikuwa imekula kitu cha maana. Alinitazama, na siku hiyo hakutoa mzaha, nami nikajua nimekwisha. Nikahamishia kazi zangu duka lingine. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtu aliyenifundisha.

Utaniuliza kwa nini hakuna picha nyingine ya mama yako, na baba ni mpiga picha. Kwa sababu filamu ilikuwa ya wateja. Nilikuwa namwambia nitakupiga wewe na mtoto siku nikibakiza, na zikibaki mbili tatu kuna mtu mlevi barabarani anataka apigwe akiwa ameegemea pikipiki, nampiga yeye. Nilidhani Nduku yupo, hana haraka. Alipougua homa ya mapafu hakumaliza mwezi. Kitambulisho chake tulikirudisha serikalini pamoja na karatasi za kifo. Ikabaki ile ya Ngoliba, kwenye fremu ya Kalekye.

Karatasi ya mazishi ilichapishwa na nusu ya uso. Tukiwa Mwingi, chini ya hema, wazee wakaanza kuuliza kwa sauti. "Nani amemkata marehemu namna hii? Hii ni picha ya kumzikia mtu?" Wote wakanigeukia, maana ndimi niliyekuwa najiita mpiga picha. Ningeweza kusema maneno mawili, ni mimi. Nilisema, "Ilikuwa kwa Kalekye. Aliipunguza na makasi iingie kwenye fremu."

Na kweli alikuwa amepunguza ule ukingo mweupe wa karatasi, hata alama za makasi zilionekana. Watu wakaguna. Ilijulikana kwamba mimi na yeye hatuongei vizuri tangu harusi, basi ikaaminika kwamba ni chuki. Kalekye alisimama upande ule mwingine wa hema, macho yamevimba, akaniambia, "Shemeji, sema vizuri." Mimi nikaenda kupanga viti.

Hapo ungeweza kusema niliteleza. Mtu amefiwa, amechanganyikiwa. Lakini ulipoanza kuuliza, ukiwa na miaka mitano, mbona mama hana jicho hili, sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nakupikia uji. Nikakuambia yaleyale.

Ulipokuwa na miaka kumi, Kalekye alitoka Nakuru, alikohamia na mumewe, akatutembelea hapahapa Gatongora, na gauni la manjano alilokushonea mwenyewe. Najua unakumbuka. Ulisimama mlangoni na sare ya shule ukamwambia, "Wewe ndiye ulimkata mama yangu na makasi." Yeye hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Alinipa muda wa kutosha, Mwende. Chai ilichemka ikamwagika. Nami nikasema, "Mwende, salimia watu." Hayo tu. Alikunywa nusu kikombe, akaacha gauni kitandani, akaondoka. Ulimpa mtoto wa jirani lile gauni na mimi nikakutazama ukimpa.

Angeweza kukuambia. Amepiga simu kila Krismasi, nami kila Krismasi namwambia umetoka. Hajawahi kunitukana. Ningependa anitukane.

Kamera niliiuza simu zilipoanza kupiga picha. Watu walinihurumia wakisema teknolojia imeniua. Teknolojia haikunikuta na kitu cha kuua. Hawa vijana tunaobeba nao mawe kwenye maghorofa ya Ngoingwa wana simu zenye kamera tatu nyuma, na wanarudia makosa yangu yote bila hata kuosha filamu. Juzi mmoja amenijia mbio.

"Mzee, cheki hii nimempiga msimamizi!"

"Naona mchanga, naona wilibaro, naona kidole chako. Msimamizi yuko wapi?"

"Si huyu hapa nyuma?"

"Msogelee basi. Unamwogopa?"

"Ai, mzee, si kuna zumu!"

"Zumu inakusogezea ujinga wako karibu. Tembea."

Alicheka akasema mimi ni mzee wa kisirani. Ni kweli. Lakini nakuambia kitu ambacho sikumwambia yeye. Ghorofa ya tano bado haijawekwa madirisha, ni mashimo ya mstatili ukutani. Nikipumzika nasimama ndani, natazama nje kupitia shimo moja. Chini kuna ploti ambapo mwanamke fulani huanika nguo. Nikisimama mbele ya shimo, yeye yuko katikati na haonekani kitu, mtu na nguo. Nikisogea kushoto hatua mbili, anakwenda kwenye theluthi ya kushoto, ile kamba ya nguo inaanzia pembeni chini na kupanda mpaka mkononi mwake, na mapaa ya mabati yote yanakaa chini yake yamenyooka. Nangoja ainue mikono. Akiinua, hapo ndipo ningebonyeza. Kabla ya hapo nazungusha jicho kwenye kingo nne, kama nimekata kitu. Sina kamera, nina vumbi la saruji puani, na hapo ndipo nimejifunza kazi niliyoifanya miaka kumi bila kuijua. Hilo nalo nalidharau.

Kwa hiyo nilipoziona picha zako Jumanne sikukasirika kwa sababu ya nguzo au kisogo. Hayo utayaacha ndani ya mwezi, una macho kuliko mimi. Ile picha ya kundi ndiyo iliyonikasirisha. Kuna msichana wa mwisho kushoto, mwenye kitambaa cha kijani. Umemkata sikio na bega. Ni nani? Hujui, na wala hukumwona. Kuna nyumba fulani ambako huyo ni mtu.

Na sasa jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Siukumbuki tena uso wa mama yako. Nilidhani ninaukumbuka. Nikifumba macho inakuja ile picha, na upande ule mwingine ni weupe wa karatasi. Nililala naye miaka minne na siwezi kukuambia jicho la kushoto lilikuwaje. Mtu anayelijua ni Kalekye, aliyelala naye kitanda kimoja tangu wakiwa watoto mpaka mama yako alipoolewa. Anajua kovu liko wapi na lilitokana na nini. Anajua alivyocheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimchekesha. Hayo yote nilikuwa nimeyafungia mlango kwa makasi ambayo hayakumkata mtu.

Umeniambia Nakuru utalala na msichana mwenzako wa studio, na kwamba usiku hata mmoja hutalala kwa Kalekye. Leo nilipotoka kazini, kabla sijashika kalamu, nilimpigia. Nikamwambia, "Mwende anakuja huko kesho kuanza kazi."

Akasema, "Najua. Niliona ameandika mtandaoni." Kisha akauliza, "Umemwambia?"

"Nataka kuandika."

"Kuandika?" Alicheka, kile kicheko chake kikavu. "Shemeji, hata leo unatafuta pa kujificha. Utaitia barua kwenye begi lake, siyo, aisome akishafika Naivasha?"

Na ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshachagua na mfuko wa begi, ule wa pembeni wenye zipu mbovu.

Akasema, "Chumba kipo. Simlazimishi. Ila mimi sitakwenda kumwambia hayo maneno, ni yako." Akakata simu.

Basi sikuagizi uende kwake. Mtu aliyekudanganya miaka yote hana ulimi wa kukuagiza. Ukienda, nenda kwa sababu umetaka wewe. Usipotaka, yeye alikuwa na haki ya kujua kwamba nakuambia ukweli, na hilo limekwisha.

Begini sikuitia barua hii. Ukisoma hapa, nitakuwa nimekungoja urudi na nywele zako, nikakupa mkononi, nikakuambia ukae usome hapahapa. Niko kwenye kiti mbele yako wakati huu, mikono juu ya magoti, na sina pengine pa kwenda. Karatasi imekwisha. Nitazame, useme unalotaka kuniambia.

Baba yako